Waya wa Kengele

Skrini iliwaka, na hilo ndilo lililomtia fundi wasiwasi. Haikutakiwa kuwaka.

Alikuwa fundi wa kompyuta kuukuu, zile ambazo wenzake walishaziuza kama vyuma chakavu, na mtaa mzima ulimwita Plagi. Ukimpelekea kompyuta ya mwaka juzi alikutazama kwa huruma, kana kwamba umeingizwa mjini, umetapeliwa. Basi mtu kama huyo alijua fika kwamba mashine iliyokuwa mezani na skrini ile hazipatani. Mashine ilikuwa na soketi ya matundu tisa, skrini ilitaka kumi na tano. Rangi hazina taabu: nyekundu unaiunga kwa nyekundu, kijani kwa kijani, buluu kwa buluu. Kazi iko kwenye nyaya za kuishika picha isikimbie. Mashine ilitumia waya mmoja, skrini ilitaka miwili, tena kwa kasi ambayo mashine ile haikuzaliwa nayo. Plagi aliunga hivyo hivyo, kwa kubahatisha, kwa sababu mle ndani mlikuwa na barua.

Mashine ilikuwa ya mkewe, mpiga chapa. Alipougua aliendelea kuandika mpaka vidole vikagoma, kisha akamwambia, "Barua yako imo humo, mume wangu. Usome nikishaondoka." Akaondoka. Wiki moja baada ya mazishi skrini ya zamani nayo ikafa, kabla Plagi hajapata moyo wa kuifungua hiyo barua. Miezi saba alihangaika kutafuta skrini ya kufaa, asiipate.

Siku hiyo, akitengeneza kebo yake ya kubahatisha, waya ulimwishia. Akaubandua ukutani waya wa kengele, ule aliokuwa ameutandaza kutoka kitandani kwa mgonjwa hadi karakana, ili mkewe akihitaji maji abonyeze tu. Alasiri aliyofariki, kengele ile ililia mara tatu. Plagi alikuwa ameshika chuma cha moto, akiyeyusha risasi ya kuungia nyaya. Alisema, "Nakuja, mke wangu," akamalizia kwanza kiungo kimoja. Kimoja tu. Alipofika, kidole cha mkewe kilikuwa bado kiko juu ya kitufe, na yeye hayupo.

Sasa ilikuwa alasiri kama ile, karakana imejaa harufu ya dawa ya kuchua aliyokuwa akimpaka mgongoni, na kwenye skrini yalikuwepo maandishi ya kijani.

NILIITA.

Plagi aliketi. Akaandika, "Nisamehe."

HUKUJA.

Alilia kama mtoto, hakujificha. Alipotulia akaomba barua yake.

NITAKUPA. KWANZA NIKUMBUSHE. HUKU KUNA GIZA, NASAHAU. NIAMBIE YA HARUSI.

Akamwandikia jinsi alivyokwenda kuoa amevaa viatu viwili visivyofanana, na bibi harusi akacheka hadi akakalishwa. Nyuma ya kioo kikasikika kitu, taratibu, kama mtu anayetafuna na mdomo umefungwa. Plagi alidhani ni skrini inapata moto.

Kila alasiri alirudi mezani, na kila alasiri barua iliahidiwa ya kesho. Aliandika ya nyumba yao ya kwanza. Aliandika ya mimba iliyoharibika na walivyoshikana mikono. Siku ya nne akaandika ile ya mvua: walivyojibanza chini ya kibaraza cha duka lililofungwa, na maneno ambayo mkewe alimwambia sikioni, maneno ambayo hakuwahi kumwambia binadamu mwingine.

Siku ya tano alikuja dada mkubwa wa marehemu, na chakula kwenye bakuli lililofunikwa. Alimkuta amekonda, akataka kumchangamsha.

"Shemeji, leo umevaa viatu vinavyofanana. Umeendelea."

Plagi alimtazama. "Viatu gani?"

"Vya harusi, shemeji."

"Sikumbuki."

Yule dada aliweka bakuli chini polepole. "Usinitanie hivyo," alisema kwa sauti ndogo. Aliona hataniwi. Akatoka, na baada ya saa moja akarudi na mganga, mama mmoja mshona nguo ambaye sindano zilikuwa bado zimechomekwa kwenye kola yake.

Mganga hakusogelea skrini. Alisimama mlangoni, akanusa, akaufuata kwa macho waya wa kengele.

"Huu ulikuwa wa nini?"

Plagi akamweleza.

"Aliyeitwa hakuitika," mganga alisema, karibu kwa kunong'ona. "Akaitika jini. Mkeo hamo humo, baba. Angekuwamo angekuuliza yenu kwa nini? Huyu anakula."

"Alivyokula, vinarudi?"

"Hapana. Ukikata waya, anaondoka navyo. Usipokata, atakula mpaka uso wa mkeo, usiukumbuke."

Plagi akachukua koleo, na alipolisogeza kwenye waya ile harufu ya dawa ikageuka kuwa ya nywele zinazoungua, na maandishi yakaanza kuteremka kwa kasi ambayo mashine ile haikuweza kamwe kuwa nayo, USIKATE MUME WANGU USIKATE NAKUJA ULISEMA NAKUJA, na kengele, ambayo haikuwa na waya tena na ilikuwa imetupwa kwenye boksi la vyuma, ikalia mara moja, ikalia mara ya pili, na kabla haijalia ya tatu yeye akafumba macho akabana.

Kukawa kimya.

"Vipande vitupe mbali," mganga alisema.

Plagi aliitikia. Lakini ulikuwa waya wa mkewe, na mkono ulimkatalia. Akaviweka kwenye droo.

Mwezi uliofuata shemeji yake alimpatia skrini kutoka stoo ya ofisi iliyofungwa, ya ukoo mmoja na mashine ile, tundu tisa kwa tundu tisa. Plagi aliunga kwa waya mpya, kila mmoja mahali pake, picha ikatulia. Barua ilikuwemo muda wote, salama. Ilikuwa fupi.

"Mume wangu, vidole vimechoka. Najua utajilaumu kwa kila kitu, ndivyo ulivyo. Ukianza kujilaumu, kumbuka nilichokuambia siku ile ya mvua, kwenye kibaraza cha duka. Ndicho hicho mpaka leo. Sikiandiki hapa, kwa kuwa unakijua."

Aliisoma mara nyingi. Alitafuta mvua, alitafuta duka, hakuona kitu. Akamuuliza shemeji yake, naye akatikisa kichwa. Mambo ya wawili yeye angeyajulia wapi.

Duniani alibaki mmoja tu aliyeyajua maneno yale.

Alasiri ilipofika Plagi alifunga mlango wa karakana. Alifungua droo, akavitoa vile vipande viwili vya waya, akavimenya ncha, akachomeka chuma cha risasi kwenye umeme na kuketi kungoja kipate moto.