Ukurasa wa Mwisho wa Daftari la Zamu

Jumamosi ya pili ya Mei, saa saba mchana, foleni ya mkahawa mmoja wa ghorofa ya sita huko Ikebukuro ilikuwa imeshuka ngazi hadi ghorofa ya nne. Wachapishaji wa Daftari la Zamu, katuni ya mapenzi ya sekondari iliyofikia juzuu ya kumi na nne, walikuwa wameukodi mkahawa huo kwa wiki sita. Kutani walibandika picha za wahusika kwa kimo cha binadamu. Wali wa mchuzi wa bizari ulipakuliwa kwa umbo la kifutio cha ubao. Kila aliyeagiza kinywaji alipewa bahasha yenye kadi ya kuwekea glasi, na juu ya kadi picha ya mhusika asiyemchagua. Asiyeridhika alibadilishana na jirani.

Kurosu Teppei, mwanamume wa miaka thelathini na minne aliyevaa koti la kitani lililokunjamana mgongoni, alikuwa ameketi peke yake mbele ya soda tatu za tikiti. Meza ilikuwa ya watu wawili. Mhudumu aliomba radhi, akamketisha mbele yake mwanamke aliyekuja peke yake vilevile: gauni la buluu iliyoiva, miwani mikubwa, nywele zilizobanwa kwa penseli. Vidole vyake viwili vya mkono wa kulia vilikuwa na madoa ya wino. Kurosu hakuyatilia maanani.

Mwanamke alifungua bahasha, akamtoa Kotaro, shujaa wa hadithi, akamlaza kifudifudi.

"Samahani. Huyo mwalimu mwenye kipara uliyempata, unamhitaji?"

"Mwalimu Banba? Hakuna anayemhitaji Mwalimu Banba."

"Mimi namhitaji."

"Mchukue. Ila Kotaro usinipe, ninao wawili."

"Punguza sauti," alisema mwanamke. "Kuna wasichana hapa wamekunywa soda nane na hawajampata hata mmoja."

Walizungumza saa nzima. Kila aliyekuwa mkahawani aliijua hadithi. Majina ya Sumire na Kotaro yanapakana katika orodha ya darasa, kwa hiyo zamu yao ya kufuta ubao na kujaza daftari la darasa huangukia siku moja. Wanapendana, na hawana pa kuambiana ila katika daftari hilo, ambalo Mwalimu Banba hulisoma kila siku na kulijibu kwa wino mwekundu. Vichekesho vyote vilitoka hapo. Kurosu alisema kazi ilikuwa nzuri, isipokuwa safari ya Kyoto kuanzia sura ya arobaini na moja, ambapo wanafunzi walikaa ndani ya basi kwa miezi sita ya jarida lililoitoa hadithi sura kwa sura. Yeye angefuta sura nne. Mwanamke alisema amesikia kuwa mwandishi, Domoto Gen, ni mzee mwenye kitambi na maumivu ya mgongo, na kwamba pengine anastahili huruma.

"Mgongo si udhuru wa sura ya arobaini na moja," alisema Kurosu.

Walipeana namba za simu. Mwanamke alijitaja kuwa Nagumo Chizuru, mchoraji. Kurosu alisema yeye huandika. Hakuna aliyedanganya, na hakuna aliyefafanua.

Siku kumi baadaye, katika chumba cha mikutano cha kampuni iliyokuwa ikiigeuza Daftari la Zamu kuwa katuni ya televisheni, mhariri Isobe alimtambulisha mwandishi kwa timu. Domoto Gen lilikuwa jina la kalamu. Aliyeingia alivaa suti nyeusi, miwani ileile, na safari hii penseli ilikuwa mfukoni. Kurosu, aliyeajiriwa kuandika miswada ya vipindi vyote kumi na viwili, alisimama akamkabidhi kadi yake ya kazi kwa mikono miwili.

"Kurosu, mwandishi wa miswada. Naomba ushirikiano wako, Mwalimu," alisema, kwa jina la heshima wanaloitwa waandishi wa katuni.

"Domoto. Nami naomba wako." Aliinama chini zaidi kuliko ilivyohitajika, akaongeza kwa sauti ya kumfikia yeye tu, "Mgongo wangu unakusalimu."

Jioni hiyo Kurosu alimpigia simu kuomba msamaha kwa maneno aliyoyapanga vizuri. Chizuru alimkatiza akamuuliza ni sura zipi nne. Kurosu alipozitaja, Chizuru alikubali kwamba mbili kati yake kweli zilifaa kufutwa.

Kufikia Julai kila mmoja alikuwa na ufunguo wa nyumba ya mwenzake. Chizuru alimwita Bwana Sura Nne. Kurosu alimwita Mwalimu siku tu ambazo Chizuru aliunguza samaki, yaani mara mbili kwa wiki. Waliweka sharti moja, wakila tambi baridi mbele ya feni: nyumbani hawazungumzi kazi. Halikuwa sharti la mahaba. Katika kazi yao kila neno lilikuwa na njia yake. Mwandishi humwambia mhariri, mhariri humwambia mtayarishaji wa televisheni, mtayarishaji humwambia mwandishi wa miswada. Majibu hurudi kwa njia hiyohiyo. Anayeikwepa njia huonekana hana adabu, na msimu unaofuata hapigiwi simu. Wote wawili walikuwa watu wa kufuata utaratibu. Ndicho kitu cha kwanza walichopendeana.

Tatizo lilikuwa kipindi cha kumi na mbili. Jarida lilikuwa bado halijafika mwisho wa hadithi, na televisheni ingeutangulia. Chizuru aliutoa mwisho wake kwa timu kwa siri. Siku ya mahafali Sumire anabaki darasani peke yake na kulijaza daftari: tarehe, hali ya hewa, waliokosa hakuna. Kwenye nafasi ya zamu anaandika majina mawili, lake na la Kotaro, ingawa siku hiyo hakuna zamu. Nafasi ya maelezo anaiacha tupu. Kotaro anaingia, anasoma, anachukua kifutio, na wanafuta ubao pamoja. Hakuna anayesema neno.

Alikuwa ameuchora mwisho huo kabla ya ukurasa wa kwanza, miaka saba iliyopita. Kabla ya hapo, mchezo wa jukwaani uliotokana na katuni hiyo ulikuwa umempa Sumire wimbo. Filamu ya waigizaji ilimbusisha kwenye dakika ya ishirini. Mara zote mbili Chizuru aliulizwa maoni, na mara zote mbili alijibu kama waandishi waungwana wanavyojibu: naiachia timu. Ukimya wa mwisho ndio kitu pekee kilichokuwa kimebaki. Kwa hiyo Agosti, rasimu ya kwanza ilipomfikia naye akakuta mtayarishaji ameomba Sumire aseme japo sentensi moja, aliandika kurasa nne za kueleza kwa nini asiseme. Alimpa Isobe azipeleke.

Isobe alikuwa mpole, na kwa miaka ishirini hakuwahi kugombana na mtu. Aliziona kurasa nne kuwa kali. Akaandika badala yake kwamba mwandishi anaishukuru timu, anaiachia uamuzi, na anatumaini hisia za ukurasa wa mwisho zitahifadhiwa. Mtayarishaji, aliyekuwa na vipindi vitatu vya kusimamia, alimfupishia Kurosu barua hiyo kwa simu: mwandishi anaiachia timu, ila anataka hisia.

Kurosu aliupenda ule ukimya. Aliuliza kupitia njia ileile kama mwandishi ana uhakika. Swali lilimfikia Chizuru likiwa limegeuka salamu za timu na ombi la uvumilivu. Jibu lake kwamba atavumilia lilimfikia Kurosu likiwa ndiyo. Basi akatafuta hisia. Alimpandisha Sumire kwenye paa la shule na kumfanya apige kelele za mapenzi mara tatu, hadi shule nzima uwanjani ikageuka. Kwa maoni yake alikuwa anatii.

Rasimu ya mwisho ilimfikia Chizuru Jumatano ya mwisho ya Septemba. Kurosu alimpigia simu adhuhuri.

"Nikuletee chochote jioni? Dukani kuna matofaa mapya."

"Hapana."

"Sauti yako imebadilika. Umeumwa?"

"Nimesoma kitu."

"Kitu gani?"

"Tuliahidiana hatuzungumzi kazi."

Kurosu alifikiri kidogo. "Kweli," alisema. "Tuliahidiana."

Hilo ndilo lililomkata Chizuru maini. Aliamini Kurosu anamficha jambo nyuma ya ahadi. Ijumaa Kurosu alikuta bahasha kwenye sanduku lake la barua. Ndani mlikuwa na ufunguo, na kadi ya Mwalimu Banba. Alipiga simu mara sita kwa siku nne. Mara ya sita Chizuru alipokea, akasema kwa adabu kamili kwamba ana shughuli nyingi na anamtakia afya njema. Kurosu alijua maana ya adabu kamili. Hakupiga tena. Alijiambia kwamba labda ni samaki, labda ni utani wa Mwalimu, labda mwanamke anayefanya kazi saa kumi na sita kwa siku amechoka tu kuwa na mtu. Kipindi cha kumi na mbili hakikumjia akilini. Humo alikuwa amempa Chizuru alichokiomba.

Katikati ya Novemba walikutana studio ya kurekodia sauti huko Yoyogi. Desturi ilimtaka mwandishi ahudhurie kipindi cha mwisho. Chizuru alileta keki za maharage kwa kila mtu, akaketi kwenye sofa la nyuma akiwa na sweta ya shingo ndefu rangi ya majivu. Kurosu alisimama karibu na mlango na mswada wake. Walisalimiana kwa kuinama kwa kiwango kilekile. Kwenye skrini picha zilikuwa bado mistari ya penseli, kama kawaida. Rangi zingekuja baadaye.

Mwigizaji wa sauti ya Sumire alirekodi kelele ya paani mara mbili. Mwongozaji, mama wa miaka sitini mwenye ndara za nyumbani, hakuridhika, lakini hakusema kwa nini. Mwigizaji ndiye aliyefungua mlango wa kioo.

"Samahani, Mwalimu. Kwa vipindi kumi na moja Sumire hajapaza sauti hata mara moja. Anapofika hapa, nimwelewe vipi?"

Watu wote waligeukia sofa. Chizuru aliweka kikombe chake chini.

"Naiachia timu," alisema.

Isobe akatikisa kichwa kuashiria shukrani. Kurosu hakutikisa.

"Ndivyo ulivyoniandikia," alisema kutoka mlangoni. "Maneno hayohayo. Unaiachia timu, ila unataka hisia. Nimezitafuta hisia hizo siku tatu."

Haikuwa desturi mwandishi wa miswada kumsemesha mwandishi namna hiyo mbele ya watu. Chizuru alivua miwani.

"Mimi sikuandika hivyo."

"Nilisomewa kwa simu."

"Niliandika kurasa nne, Bwana Kurosu. Neno hisia halimo hata mara moja."

Isobe alianza kuzitazama kamba za viatu vyake kwa makini. Mtayarishaji alisema pengine mapumziko ya dakika kumi na tano yangefaa.

Karibu na mashine ya kahawa ya makopo, ukumbini, Chizuru alimpa Kurosu simu yake. Kurosu alizisoma humo kurasa zote nne akiwa amesimama, akarudi mwanzo, akazisoma tena.

"Swali langu lilikufikia?" aliuliza.

"Swali gani?"

"Kama una uhakika."

"Nilipata salamu na ombi la uvumilivu."

Alimrudishia simu. "Kwa hiyo ufunguo ulirudi kwa sababu ya paa."

"Ulidhani kwa sababu ya nini?"

"Samaki."

Chizuru alimtazama kuhakikisha hatanii. Hakuwa anatania. Akacheka kwa pua, kifupi, akageukia mashine na kununua makopo mawili.

"Nilichora miaka saba watoto wawili wanaoambiana mambo kupitia kwa mwalimu," alisema. "Angalau Banba alikuwa haandiki upya."

"Mwenzangu, wewe ulikuwa na namba yangu."

"Na wewe yangu. Kunywa, inapoa."

Kilichowezekana kilikuwa kidogo. Mandhari ya paa ilikwisha kuchorwa, na hakukuwa na muda wa kurudi darasani. Lakini midomo ilikuwa bado penseli. Kurosu alimfuata mwongozaji moja kwa moja, bila kupitia kwa mtu, akamwomba afute kelele zote tatu. Kama kuna lawama, aandikiwe yeye. Mwongozaji alisema amekuwa akisubiri mtu amwombe tangu Septemba. Kwa dakika moja na sekunde kumi Sumire angelifungua daftari paani, angelijaza, na angemkabidhi Kotaro. Mwigizaji alirekodi pumzi tu. Aliipata mara ya kwanza.

Kurosu hakuitwa na mtayarishaji yule msimu uliofuata. Ndivyo ilivyotarajiwa.

Kipindi kilirushwa Desemba. Walikitazama asubuhi ya pili yake nyumbani kwa Chizuru, kwa wali, mchuzi wa soya iliyochacha na samaki ambaye kwa mara moja hakuungua. Kilipokwisha Chizuru alisema paa bado linamkera. Kurosu alisema na yeye pia. Kisha alitoa kwenye mkoba daftari la zamu la kweli, lenye jalada jeusi, aina inayouzwa kwa shule, akalisogeza kati ya mabakuli.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa umejazwa kwa mwandiko wake mbaya. Tarehe: Desemba 22. Hali ya hewa: mawingu kidogo. Waliokosa: hakuna. Zamu: Kurosu, Nagumo. Nafasi ya maelezo ilikuwa tupu.

Chizuru aliusoma mara moja. Alichomoa kalamu nyekundu kwenye nywele zake, akaandika kwenye nafasi ya mwalimu, akaligeuza daftari ili Kurosu asome: Pana kosa. Kurosu na Nagumo hawapakani katika orodha. Zamu hii haiwezekani mpaka mmoja abadili jina.

Kurosu alijua ni ndoa tu inayobadili jina la ukoo.

"Nagumo Teppei," alisema. "Linasikikaje?"

"Kama mtu anayefuta sura nne."

"Mbili. Ulikubali mbili."

Chizuru alifunga kalamu. Kurosu alikusanya mabakuli, akayapeleka kwenye sinki na kufungua maji. Chizuru akachukua kitambaa kikavu, akaenda kusimama upande wake wa kushoto. Mmoja aliosha, mmoja alifuta, na hakuna aliyesema neno.