Alama ya Tuyizere

Gélase wa Katubuka, hapa Kigoma, si mtu wa hadithi. Ni dereva wa bodaboda, mbishi kupindukia, na ukimtajia habari za majini anakucheka mbele za watu. Ndiyo maana haya aliyonieleza nayaamini, ingawa moyo wangu ungependa yawe uongo.

Ilikuwa mwaka 2018, wakati mabasi yalipokuwa yakiwarudisha Warundi kwao kutoka kambi ya Nyarugusu. Jumanne moja asubuhi, jua likiwaka vizuri tu, Gélase aliingia dukani kwa Ziada pale Mwanga kutafuta GPS ya bei nafuu, kifaa cha kuonyesha njia. Ziada alikuwa akiuza vifaa vilivyotumika, na mdomo wake ulikuwa mwepesi kuliko mikono yake.

"Wewe na vichochoro vyote hivi unavyovijua, unapotelea wapi?" alimtania.

"Naenda porini, dada. Hii simu yangu ya kitochi hainifikishi."

Ziada alimwekea vitatu mezani. Cha kwanza kilikuwa na kioo kikubwa, lakini kilitaka kuchajiwa kwenye gari. Pikipiki ya Gélase haikuwa hata na taa ya nyuma. Cha pili kilikuwa cha kugusa. Gélase alilowesha kidole akakigusa, kikagoma. Basi kwenye mvua ya milimani kingemfaa nini? Cha tatu kilikuwa cha njano, kimechubuka, kina vitufe vigumu. Kilitumia betri mbili za tochi, hakikuhitaji mtandao, na maji hayakukidhuru.

"Hicho ni bubu," Ziada alimwonya. "Hakina spika. Hakitakuambia kata kulia wala kushoto. Utasoma mshale na umbali, basi."

"Bubu ndiye ninayemtaka," Gélase alisema, akakichukua.

Palepale dukani alitoa karatasi iliyokunjwa mpaka ikalainika. Ilikuwa na tarakimu mbili ndefu. Ziada alizibonyeza moja moja, kisha akauliza mahali penyewe paitweje.

"Andika Tuyizere."

Tuyizere alikuwa binti wa Consolate, na Consolate ni mtoto wa baba mdogo wa Gélase. Ukoo wa Gélase ulikimbilia Kigoma kutoka Burundi tangu mwaka sabini na mbili. Consolate alivuka mwaka 2015, usiku, kwa njia za panya za Manyovu, akiwa na mtoto wa miaka minne. Alifika upande huu peke yake. Aliwaambia watu kwamba homa ndiyo iliyomchukua mtoto. Mwandikishaji mmoja wa wakimbizi alipanda mlimani na vijana kwenda kulifukia kaburi vizuri, akamwandikia mama vipimo vya mahali pale. Consolate aliihifadhi karatasi ndani ya Biblia miaka mitatu.

Sasa jina lake lilikuwa kwenye basi la Jumatatu. Alikuwa amekataa kupanda. Hakuwa amefanya kuganduka, ile siku ya kumaliza matanga, na hakuna awezaye kumaliza matanga ya mtoto bila kujua amelala wapi.

Jumamosi alfajiri Gélase alimchukua njia panda ya kambi. Consolate alikuwa na kibali cha siku moja na kidumu cha pombe ya mtama. Walipita Kasulu, wakapanda Manyovu. Kwa kuwa Kiha na Kirundi ni ndugu, waliowasalimia njiani walimdhani Muha. Kifaa kilifungwa kwa mpira kwenye usukani, na Consolate alichungulia begani kwa Gélase kila dakika. Kilometa kumi na mbili. Nne. Moja. Pikipiki iliposhindwa kichaka, walitembea, Gélase akiwa na kifaa mkononi. Ukungu ulikuwa umeshuka, na ndege walikuwa wamenyamaza.

Mita tisa. Mita tatu. Sifuri.

Palikuwa na mawe matatu kama mafiga, yale aliyoyapanga Consolate kwa mikono yake. Alipiga magoti, akamimina pombe kidogo, akashindwa kuendelea.

"Kaka, haikuwa homa."

Gélase alimgeukia.

"Wenye bunduki walipita hapo chini. Alikuwa analia. Nikamziba mdomo kwa kitenge. Nikamwambia, usiseme mpaka nikuambie." Alishika jiwe moja. "Walichelewa kupita, kaka. Walichelewa sana."

Gélase aliniambia kwamba alitamani kumshika mkono dada yake, ila mikono yake ilikataa. Ndipo aliposikia. Sauti ilikuwa ndogo. Ilitoka kwenye kile kifaa mkononi mwake. Kile bubu.

"Mawe, mvuge ubu?"

Kwa Kirundi: Mama, niongee sasa? Kioo kilisomeka sifuri.

"Vuga," Consolate alinong'ona. "Vuga, mwana wanje."

Kilio kikaja. Kilio cha mtoto aliyejizuia miaka mitatu. Hakikutoka tena kwenye kifaa. Kilitoka mgongoni kwa Consolate, naye alikuwa tayari ameinama na kufunga kitenge, akikipapasa nyuma kama anavyofanya mama yeyote.

Walishuka mlima. Gélase hakugeuka hata mara moja. Karibu na Kasulu manyunyu yalianza, na mama mmoja aliyekuwa akiuza mihogo aliwapungia mkono kwa hasira.

"We mama! Mfunike mtoto, mvua hiyo!"

Consolate alimfunika.

Jioni Gélase alimshusha kambini, akageuza kurudi Kigoma. Ndipo alipoangalia kioo. Mlimani walikuwa wameondoka zamani, lakini umbali wa alama ya Tuyizere ulisomeka mita mbili. Alipoendesha, ikawa mia. Ikawa kilometa tano. Tuyizere alikuwa amebaki kambini na mama yake.

Jumatatu Gélase hakufanya kazi. Alikaa kizingitini na kifaa mapajani, akalia kama mtu aliyefiwa siku hiyohiyo. Namba zilipanda, zikashuka, zikapanda tena. Siku ya tatu zilitulia kwenye kilometa themanini na sita, upande wa Makamba, Burundi. Saa ileile simu iliita.

"Tumefika, kaka," alisema Consolate.

Alikuwa amepanda basi peke yake. Kwenye orodha, familia yake ilikuwa jina moja tu, lake.

Gélase aliuliza, "Amelala?"

"Amelala. Ameongea njia nzima."

Ziada amejaribu kuifuta ile alama mara nyingi, haifutiki. Gélase naye hakiuzi kifaa kile kwa bei yoyote. Kila msimu wa kupanda mahindi hutia betri mpya na kunionyesha na mimi. Asubuhi, namba husogea mita mia mbili hivi, mwendo wa kutoka nyumbani kwa Consolate hadi shambani. Jua linapozama hurudi ilipokuwa.