Ngazi za Mawe Ndani ya Bahari ya Liberatus

Jioni ile nilitoka kwenda kununua petroli ya jenereta. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima, na upepo wa Iringa ulikuwa ule unaopenya mpaka kwenye mifupa. Nilijifunga kitenge juu ya sweta, nikabeba dumu. Sijafika hata getini, simu ikaita. Alikuwa mume wangu, Liberatus.

"Mama Mercy, mashine zinafanya kazi?"

"Umeme umekatika. Naenda kuchukua petroli."

Nilisikia lori likiunguruma. Alikuwa anatoka Ruaha Mbuyuni na mzigo wa vitunguu.

"Nipo mlima Kitonga, napanda," akasema. "Kimbia. Maji yasisimame."

Sikukimbia. Tangu Mercy apotee, sijakimbilia kitu chochote.

Mercy alikuwa binti yetu wa pekee. Alikwenda pwani na kwaya ya vijana, boti ikapinduka, wenzake wakaokolewa. Yeye hakuonekana. Hata mwili... Watu walijaa nyumbani kwangu wakalia. Mimi niliwapikia. Nikaosha vyombo vyao. Nilikuwa nangoja kilio changu kije. Hakikuja, na baadaye nikaacha kukingoja.

Liberatus alibaki pwani akitafuta. Aliporudi, alianza kubomoa ukuta wa sebule.

"Najenga bahari," akaniambia.

Sikumwuliza kitu. Alimwaga zege lenye nondo, maana sakafu ya kawaida isingebeba uzito ule. Akamleta Obeid, fundi vioo kutoka Mbeya. Wakasimamisha vioo vyenye unene wa vidole viwili, wakaviunganisha kwa gundi ya silikoni, kutoka ukuta hadi ukuta, kimo cha kupita kichwa changu. Zikaja pampu za kusukuma mawimbi. Ukaja mtambo wa kutoa uchafu kwa njia ya povu. Vikaja vipasha joto, kwa sababu baridi ya kwetu ingeua kila kilicho hai mle ndani. Zikafungwa taa za buluu.

Obeid alimshauri atengeneze maji kwa chumvi maalumu ya madukani. Liberatus alikataa. Aliyaleta kwa lori la tangi kutoka pwani, palepale boti ilipopinduka. Mawe pia aliyatoa hapohapo, na matumbawe hai juu yake, yamefungwa kwenye magunia yaliyolowa.

Wenzetu wa kanisani walikuja kutazama. Samaki wa njano, wa zambarau, matumbawe yakinyooka na kujikunja kama vidole. Walisema Mungu ametupa faraja. Niliwapa chai.

Lakini mle ndani kulikuwa na ngazi. Ngazi za mawe, kutoka kwenye mchanga wa chini mpaka ukingoni juu.

"Mzee, hizi za nini?" Obeid alimwuliza siku walipozijenga. "Samaki hapandi ngazi."

Liberatus aliendelea kupanga mawe.

Obeid alikuwa anakuja mara kwa mara kusugua vioo. Siku moja alinifuata jikoni, kofia mkononi.

"Mama, mimi sirudi tena hapa," akanong'ona. "Ule mchanga wa chini nauacha nimeusawazisha. Nikija, naukuta una nyayo."

"Za kaa?"

"Za watu, mama. Zinaelekea kwenye ngazi."

Nilipomwuliza Liberatus, hakukana. Alisema kule ufukweni alifuatwa na mwanamke asiyemjua. Yule mwanamke akamwambia achukue maji ya pale binti alipozama, achukue na mawe ya pale, amjengee njia ya kupandia. Ila maji yasisimame.

"Kwa nini yasisimame?"

"Hakusema," alinijibu. "Nadhani ni kwa ajili ya samaki."

Basi jioni ile niliporudi na dumu langu, giza lilikuwa limeshaingia. Nilifungua mlango wa mbele.

Harufu ikanipokea. Chumvi. Mwani unaooza.

Nyumba yetu ilikuwa haijawahi kunyamaza tangu pampu zile zifungwe. Sasa ilinyamaza. Maji yalikuwa yamesimama.

Halafu...

Chwa.

Kama mguu unaotoka majini na kukanyaga sakafu.

Chwa... chwa...

Nilisimama pale mlangoni. Sikuwasha tochi.

"Mama."

Ilikuwa sauti ya Mercy. Sisemi ilifanana na yake. Ilikuwa yake, na mkwaruzo wake wa asubuhi kabla hajanywa kitu cha moto.

"Mama, ni wewe? Huku kuna baridi."

Najua mama mwingine angepiga kelele. Angeanguka, au angerukia kwenye kioo kile. Mimi nilisema, "Pole."

"Usiwashe jenereta, mama. Maji yakizunguka hatuwezi kupanda."

"Hamuwezi wewe na nani?"

"Tuko wengi."

Hapo ndipo nikawasikia. Miguu. Mizito na miepesi, ya wakubwa na ya watoto, ikisukumana juu ya mawe. Mtu alikohoa maji. Kitu kikakwaruza kioo kwa ndani, taratibu, kutoka chini kwenda juu.

"Mama, kidogo tu..."

Nilitoka nje. Jenereta ilikaa barazani. Nikamimina petroli gizani, nyingine ikanimwagikia miguuni. Nikashika kamba.

"Mama, ngoja!"

Mkono ukavuta.

Nimejiuliza sana kwa nini. Mkono ulivuta, basi.

Jenereta ikanguruma. Ndani, taa za buluu zikawaka, pampu zikaanza kuvuma. Niliporudi, samaki walikuwa wanaogelea kama kawaida. Mchanga wa chini ulikuwa umetifuka. Kwenye ngazi hapakuwa na mtu. Nilikaa kwenye kochi nikatazama.

Sijui nilikaa kwa muda gani. Nilisikia lori likiegeshwa, kisha Liberatus akaingia kwa mlango wa nyuma, wa jikoni. Alikawia huko. Alipotokea sebuleni, uso wake ulikuwa umekauka.

"Alikuja?" akauliza.

"Hapana."

Akanitazama.

"Sasa yule jikoni ni nani?"

Tulikwenda pamoja. Karibu na jiko la mkaa, juu ya kigoda, alikuwa amekaa bibi kizee. Nywele nyeupe zimemganda kichwani. Khanga yake ilikuwa imepauka mpaka maandishi yamefutika. Maji yalikuwa yanamchuruzika, yanatengeneza dimbwi sakafuni.

"Shikamoo, bibi," nikasema. Mdomo ulisema wenyewe.

"Marahaba, mwanangu. Hapa wapi?"

"Iringa."

Alitikisa kichwa. Hakuijua. Kwao pia hakukumbuka panaitwaje.

Nilimpa chai. Akaomba chumvi, akaikoroga humo.

Bado tuko naye. Majirani tumewaambia ni shangazi yake Liberatus. Hana matata. Mchana anashinda na kigoda chake mbele ya tangi la samaki, kimya, anaota taa zile kama watu wanavyoota jua. Khanga yake haikauki. Nimeianika, nimeikausha kwa moto, nimeipiga pasi. Akijifunga tu, inalowa.

Liberatus alichukua muda mrefu kupata ujasiri. Jana jioni alipiga magoti mbele yake.

"Bibi, siku ile kwenye ngazi kulikuwa na msichana. Ulimwona?"

"Yule mwenye adabu?" Bibi alitabasamu. "Alikuwa mbele yangu. Wa kwanza kabisa. Akanipisha. Alisema, bibi, pita wewe kwanza, mimi mama yangu yuko hapohapo."

Kitu kilisogea kifuani mwangu. Kikatulia tena.

Liberatus alikuwa ameshasimama. Alikwenda moja kwa moja kwenye swichi za pampu. Bibi akamdaka kiwiko, na nilimwona mume wangu akishtuka kwa ubaridi wa mkono ule.

"Usizime, mwanangu. Wamemsukuma nyuma. Anayefuata sasa si yeye."

"Ni nani?"

Bibi alitazama kwenye maji. Aliinuka, akachukua kigoda chake, akakisogeza mbali na kioo.