Kompyuta Isiyopiga Kelele

Kila siku akirudi shuleni, Kasuku alivua viatu nje ya mlango, akavishika mkononi, akaingia ndani kwa kunyata kama paka aliyeona samaki mezani. Hakuwa na kosa lolote la kuficha. Mama yake alikuwa kazini, na kazi ya mama yake ilitaka kimya.

Mama alikuwa msomaji. Katika chumba kidogo cha nyuma, ambacho kuta zake zilitundikwa mablanketi mazito, alikaa mbele ya maikrofoni akasoma vitabu vya shule kwa sauti, ukurasa baada ya ukurasa. Sauti hiyo ilirekodiwa kwenye kompyuta, ikapelekwa maktaba, na maktaba ikawagawia wanafunzi wasioona. Kwa hiyo kulikuwa na watoto, wengine mbali sana, waliojifunza sayansi na historia kwa sauti ya mama yake Kasuku. Jambo hilo lilimfanya Kasuku atembee kifua mbele.

Jina la Kasuku alipewa na majirani, kwa sababu hakuweza kusikia neno asilirudie. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Alipenda sayansi kupita masomo yote, ila alikuwa hajui kungoja. Chai kwake haikupoa hata siku moja. Aliinywa ikiwa moto, kisha akalalamika kwamba ulimi unamuuma.

Shida ya nyumba yao ilikuwa kompyuta yenyewe. Ilikuwa kuukuu, na ilinguruma kama mashine ya kusaga nafaka. Mama aliifunika blanketi ili kelele zisifike kwenye maikrofoni. Kompyuta ikakosa hewa, ikashikwa na joto, ikazima ghafla katikati ya sura ya moyo na mishipa ya damu. Kurasa thelathini alizokuwa amezisoma tangu asubuhi zikapotea zote.

Mama alitoka chumbani, akavuta kiti jikoni, akakaa.

"Sasa basi," alisema. "Mimi na hiyo mashine tumefika mwisho. Kasuku, hebu nipigie simu kwa mamdogo wako."

Mamdogo, yaani mdogo wake mama, alikuwa fundi wa kompyuta. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono mepesi, na bisibisi haikutoka mfukoni mwake hata akienda harusini. Kesho yake, siku ya Ijumaa, alifika na boksi kubwa, akalifungua sebuleni.

"Dada, safari hii hatununui kompyuta iliyo tayari," alisema. "Tunaiunda wenyewe, na kila kifaa tunakichagua kwa masikio. Muuza vifaa ni mtu mwema, amekubali tuvijaribu hapa nyumbani. Tusivyovitaka tutamrudishia."

Alitoa makasha mawili ya chuma. Kasha la kwanza lilikuwa na ubavu wa kioo, na ndani yake feni ndogo nne zenye taa za rangi. Kasha la pili lilikuwa jeusi, limebandikwa sponji nene kwa ndani, na feni zake mbili zilikuwa kubwa kama sahani, zenye rangi ya tope.

"Kwa nini kuna feni?" Kasuku aliuliza.

"Kompyuta ikifanya kazi inapata joto, kama wewe ukikimbia. Feni zinaipulizia hewa ipoe. Kelele nyingi unazosikia zinatoka kwenye hizo feni. Kila joto linapoongezeka, feni nazo zinaongeza mwendo."

Kisha akamkabidhi Kasuku kazi. Yeye mwenyewe alikuwa na kompyuta za kufunga kwenye ofisi fulani kwa siku mbili. Alichomeka kila kasha kwenye kifaa kidogo chenye kitufe cha kuzungusha, kilichoandikwa moja, mbili, tatu.

"Namba moja ni mwendo wa kompyuta iliyopumzika," alieleza. "Namba tatu ni mwendo wa kompyuta iliyochapa kazi tangu asubuhi. Ziache feni zizunguke nusu saa kwa kila namba, maana nyingine zinaanza kwa adabu, zikishachoka zinalia. Kaa kwenye kiti cha mama usikilize. Halafu nenda mlangoni usikilize. Andika kwenye daftari. Umenielewa?"

"Nusu saa kila namba. Kitini, mlangoni, daftarini," Kasuku alirudia.

"Ndiyo maana nakupenda. Huhitaji kuambiwa mara mbili."

Jumamosi asubuhi, mama alipokwenda sokoni, Kasuku alijifungia kwenye chumba cha mablanketi na makasha yake mawili. Alianza na lile la kioo. Alipozungusha kitufe hadi namba moja, taa zikawaka: buluu, zambarau, kijani, kisha nyekundu. Chumba kizima kikawa kama kiko ndani ya almasi. Kasuku aliguna kwa furaha. Alitega sikio, na kweli feni zilikuwa zimetulia kabisa.

Zilikuwa hazijapita dakika kumi, dirisha likagongwa. Alikuwa rafiki yake wa jirani, aliyeitwa Kijiti kwa wembamba wake.

"Njoo tukaruke kamba! Wote wanakungoja wewe," Kijiti alisema. Kisha akaona taa. "Ala! Hiyo ndiyo kompyuta yenu mpya? Mwambie mama yako achukue hiyo hiyo! Tutakuwa tunakuja kuitazama."

Kasuku alitazama saa. Bado ilibaki kazi ya karibu saa tatu. Akatazama kasha la kioo, akatazama lile jeusi lililokaa pale kama mgeni asiyetaka kuzungumza. Moyoni alikwisha chagua. Akafungua daftari. Chini ya kasha la kioo akaandika: *Namba moja, kimya. Namba mbili, kimya. Namba tatu, kimya.* Chini ya kasha jeusi, ambalo hakuliwasha kabisa, akaandika: *Linanguruma kidogo.* Akachomoa waya, akatoka mbio kuruka kamba.

Mamdogo aliporudi, alilisoma daftari akiwa amesimama, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Feni ndogo na bado kimya? Nisingedhania. Lakini kama daftari limesema, limesema. Kazi safi, mwanangu."

Kasuku alijilazimisha kutabasamu.

Kompyuta ikaundwa ndani ya kasha la kioo, na kasha jeusi likarudi dukani. Siku za kwanza nyumba ilijaa furaha. Kijiti na wenzake walikuja kutazama taa. Mama naye, ambaye masikio yake yalikuwa yamezoea ngurumo za ile kuukuu kwa miaka, aliona mpya kuwa kimya kama maji mtungini. Akasoma kwa bidii. Katika siku kumi akamaliza sura tatu za sayansi na kuzipeleka.

Siku ya kumi na moja simu ililia wakati wa chakula cha mchana. Alikuwa mtunza maktaba, bwana mpole aliyeomba radhi hata kabla ya kusalimia.

"Dada, sauti yako ni ile ile tunayoipenda," alisema. "Tatizo ni kwamba nyuma yako kuna mdudu. Mwanzo wa kila sura hayupo, lakini ukisoma kwa muda anaanza: ziii, mpaka mwisho. Mwanafunzi wetu mmoja ameniuliza kama siku hizi unasomea ndani ya mzinga wa nyuki. Wengine wanasema kichwa kinawauma. Na mtihani ni wiki tatu zijazo."

"Sura zote tatu?" mama aliuliza.

"Zote, dada. Samahani sana."

Mama aliweka simu mezani, na wali wake ukapoa mbele yake. Kasuku hakumeza hata tonge moja zaidi.

Jioni ile ile Mamdogo alikuja. Aliiwasha kompyuta na kuipa kazi nzito. Baada ya nusu saa feni nne ndogo ziliongeza mwendo, na kutoka kwenye taa zile nzuri ukatoka mluzi mwembamba unaochoma sikio. Mamdogo alikunja uso.

"Hizi si zile tulizozijaribu," alisema. "Haiwezekani. Daftari linasema namba tatu ni kimya. Yule muuza vifaa amenibadilishia! Mtu niliyemwamini miaka yote, ananifanyia hivi? Nakwenda kwake sasa hivi, na leo atanitambua."

Alichukua mkoba wake, akaelekea mlangoni. Kasuku alimwona kwa mawazo yule muuza vifaa, mzee wa miwani iliyofungwa kwa uzi, akitukanwa mbele ya wateja wake bila kujua kosa lake. Kukaa kimya kulikuwa rahisi kabisa. Mamdogo alikwisha shika kitasa.

"Mamdogo, usiende!" alisema, na sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. "Hakubadilisha. Ni mimi. Nilisikiliza namba moja tu, tena dakika kumi. Hizo nyingine niliandika tu. Na lile jeusi sikuliwasha."

Mama alimgeukia.

"Ulisikia nini kwenye lile jeusi, ukaandika linanguruma?" aliuliza polepole.

"Sikusikia kitu, mama. Nilitaka la taa." Machozi yakaanza kumtoka. "Nisameheni."

Mamdogo aliweka mkoba chini. Alikuwa amekasirika, na hakujificha. "Unajua mimi ningemfanya nini yule mzee?" alisema. "Ningemwita mwizi. Mbele za watu." Akavuta pumzi. "Haya. Umesema kabla sijatoka, na hilo nalihesabu. Kesho tutalifuata lile kasha jeusi, mimi na wewe. Wewe ndiye utakayemweleza kwa nini tunalirudia. Kisha kazi niliyokupa utaifanya, yote."

Kumweleza muuza vifaa kulikuwa kugumu kuliko mtihani wowote. Kasuku alizungumza akiangalia vidole vya miguu yake. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akarekebisha miwani yake, akasema, "Basi safari hii nenda kasikilize, kisha uje uniambie. Hata mimi sijui lipi ni bora," akampa kasha.

Jumapili yote Kasuku alikaa kwenye chumba cha mablanketi. Kijiti aligonga dirisha mara moja; Kasuku akamwonyesha saa na daftari, Kijiti akaondoka zake. Namba moja, nusu saa. Namba mbili, nusu saa. Feni kubwa zilizunguka taratibu, na hata kwenye namba tatu zilitoa pumzi nzito tu, kama mtu aliyelala vizuri. Kasuku aliandika hivyo hivyo alivyosikia. Lakini kitu kimoja kilimsumbua. Akiwa kitini alisikia kidogo, akienda mlangoni alisikia zaidi, ingawa mlango ulikuwa mbali zaidi na kasha. Alirudi kitini, akaenda tena mlangoni, akahesabu hatua, akaandika.

Jumatatu jioni Mamdogo alisoma daftari, kisha akasoma tena.

"Mlangoni zaidi kuliko kitini? Una hakika?"

"Nimerudia mara nne, Mamdogo. Na nikiweka mkono juu ya meza, meza inatetemeka."

Walipiga magoti wote wawili, vichwa vimegusana, wakachunguza. Kasha lilikuwa juu ya meza ya mbao nyembamba, na mbao ilikuwa inapokea mtetemo wa feni na kuukuza kama ngoma. Tena mgongo wa kasha ulikuwa umeelekea upande wa mlango, ambako hakukuwa na blanketi la kunyonya sauti. Wakaliteremsha kasha sakafuni, wakakata vipande vya mpira wa baiskeli kuukuu wakaviweka chini ya miguu yake, wakageuza mgongo wake kuelekea kwenye blanketi nene, huku wakiacha nafasi ya kutosha hewa ipite. Kisha Mamdogo akahamishia ndani yake vifaa vyote vya kompyuta, isipokuwa diski ya kuhifadhia kazi, ile ya kuzunguka iliyokuwa inagonga-gonga; mahali pake akaweka ile bapa isiyo na kitu kinachozunguka ndani.

"Washa," alisema.

Kasuku akabonyeza kitufe. Wakangoja. Kasuku alidhani haijawaka, mpaka alipoiona taa yake ndogo moja, nyeupe.

"Hili la meza mimi nisingeligundua," Mamdogo alikiri. "Ningefunga na kuondoka."

Mama alizisoma upya zile sura tatu, asubuhi na mchana, kwa siku tisa, na Kasuku alimchemshia maji ya tangawizi kila alipotoka kupumzisha koo. Wiki moja na zaidi kabla ya mtihani, mtunza maktaba alipiga simu, na safari hii alicheka kabla ya kusalimia.

"Dada, mdudu amehama! Yule mwanafunzi wa mzinga wa nyuki anasema sasa anasikia mpaka unavyofungua ukurasa. Anakusalimu."

Mama alicheka mpaka akafuta macho. Mamdogo, aliyekuwa amekuja kula nao, alisogeza sahani yake na kumgeukia Kasuku.

"Umesikia, mwanangu? Mara ya kwanza ulitumia dakika kumi, na dada yangu akasoma sura tatu bure. Mara ya pili ulitumia siku nzima, ukaona kitu ambacho hata fundi hakukiona. Masikio ni yale yale. Kilichobadilika ni kwamba safari hii uliandika ukweli. Mtu akikupa kazi ya kupima, amekukopesha imani yake. Anakwenda kujenga juu ya maneno yako, naye hayupo kuyahakiki. Kama hukupima, mwambie hukupima. Atangoja. Lakini usimpe uongo ajenge juu yake."

"Kama sikupima, nitasema sikupima," Kasuku alirudia.

"Vizuri. Sasa kula, kesho nina feni sita za kujaribu kwa ajili ya chumba cha kompyuta cha shule yenu, na nimewaambia walimu kwamba daftari utalishika wewe."