Aliyemsimulia Mwanvita

Kila alipotoka shule, Mwanvita alivua sare, akaketi na bibi yake uani kwao Bigwa, chini ya milima ya Uluguru, kufunga mafungu ya mchicha wa kuuza. Mikono ikiwa kazini, Bibi Mwanahawa alisimulia. Hadithi iliyompendeza Mwanvita kuliko zote ilikuwa ya msichana aliyekataa kuozwa, akapanda mlimani peke yake kukitafutia kijiji chemchemi.

Hiyo ndiyo aliyoiandika kwenye mashindano ya utunzi shuleni. Mwalimu Yohana alipomuuliza kama ameitunga mwenyewe, aliitikia ndiyo. Akashinda, akachaguliwa kuisoma mbele ya mgeni rasmi, Profesa Bernadeta, msomi wa fasihi ya wanawake.

Siku ilipofika alisoma vizuri, akapigiwa makofi mengi. Kisha Profesa akasimama. Alieleza kwamba alizaliwa hukohuko milimani, akakua akisikiliza hadithi za mama yake wakipalilia maharage. Alipofika chuo kikuu alizikuta hadithi hizo vitabuni, ila hapakuwa na jina la mwanamke hata mmoja. Alipotaka kuzitafiti, wenzake walimcheka kwamba porojo za wanawake si usomi. Hakurudi nyuma. Kwa miaka mingi alipanda na kushuka Uluguru akiwarekodi wanawake, na kila hadithi aliyoichapisha aliitaja pamoja na msimulizi wake.

"Mama yangu hakujua kusoma," alisema, "lakini jina lake ndilo la kwanza katika kitabu changu cha kwanza."

Mwanvita aligeuka. Bibi yake alikuwa amekaa nyuma, anamtazama kwa upendo, wala hakuonyesha kinyongo. Angenyamaza, hakuna mwingine ambaye angejua. Lakini alisimama.

"Samahani, Profesa. Hadithi niliyosoma si yangu. Nimesimuliwa na bibi yangu, Mwanahawa binti Luqmani."

Mwalimu Yohana alisema zawadi itakwenda kwa mshindi wa pili, Jastin. Mwanvita alikubali, machozi yakimlengalenga.

Profesa alishuka jukwaani, akamwamkia Bibi shikamoo, akamshukuru kwa kuitunza hadithi ile, akamwomba aisimulie mwenyewe. Kisha akamgeukia Mwanvita.

"Mwanangu, kusimulia ulichosimuliwa si kosa. Kosa ni kumficha aliyekusimulia. Shukrani huanza kwa kumtaja mtu jina."

Bibi Mwanahawa akajitanda khanga vizuri, akaenda mbele. Siku hiyo hadithi ilikuwa ndefu zaidi, na Mwanvita alisikia sehemu ambazo hakuwahi kuzisikia.