Nta Mkononi

Datius, kibarua wa kiwanda, alikuwa amelala chali, amekufa, kando ya mashine ya kukobolea kahawa, mkono wa kulia umesagika hadi begani. Inspekta Kagaruki alifika Kamachumu kutoka Bukoba saa nne asubuhi, Juni 1956, akakuta mtuhumiwa amekwisha kutiwa pingu.

"Mujuni ndiye aliyemsukuma," alisema Ildefons, mnyapara wa kiwanda. "Jana waligombana, kila mtu alisikia."

"Mligombania nini?" Kagaruki alimuuliza Mujuni.

Mujuni alimtupia jicho mnyapara, akainama. Kagaruki alikasirika. Kosa la kuua adhabu yake ni kitanzi, na mtu mzima anafumba mdomo!

Akachuchumaa, akaikunjua ngumi ya kushoto ya marehemu. Ndani mlikuwa na bonge la nta ya nyuki.

"Ya nini hii?"

"Mkanda wa mashine ukiteleza tunaupaka, waitu," Ildefons alijibu, akimwita "bwana" kwa Kihaya. " Ndivyo tunavyofanya siku zote."

"Injini ikiwa imezimwa?"

"Ndiyo... ikiwa imezimwa."

Mkanda ulikuwa umefunikwa kwa kinga ya bati iliyokazwa kwa nati nne. Hapo hapakupenya hata kidole. Kagaruki aliomba spana, akaivua ile kinga mwenyewe. Mkanda ulikuwa na damu, lakini bati halikuwa na tone. Tena kila kitu humo kilijaa vumbi la makapi ya kahawa, isipokuwa bati hilo.

"Limefungwa lini?"

"Liko hapo miaka yote."

"Miaka yote bila vumbi? Njia ya mwongo ni fupi, Ildefons."

Mnyapara aliketi juu ya gunia.

"Nililivua msimu ulipoanza," alisema. "Kuzima injini ni kupoteza nusu saa, na meneja alinisifu kwamba mashine yangu haisimami. Nikamwamuru Datius apake nta mkanda ukizunguka. Ulipomvuta nikaogopa. Nikalirudisha bati kabla ya kuwaita wenzake waliokuwa nje wakianika kahawa."

"Halafu ukamtafutia Mujuni kitanzi."

"Nisamehe, waitu."

"Mimi si padre."

Pingu zikahamia mikono mingine. Mujuni alisugua vifundo vya mikono yake, machozi yakimtoka.

"Jana nilimkataza asiuguse mkanda ule," alisema. "Nikamwita mpumbavu. Akanijibu kwamba ana watoto wanne, akikataa atafukuzwa. Mimi ninao watatu, Bwana Inspekta. Ndiyo maana uliponiuliza nilinyamaza."