Mkunga Asiyeomba

Hebu fumba macho kidogo, uone chumba. Kitanda kimesogezwa mbali na ukuta ili mtu aweze kukizunguka. Shuka safi zimekunjwa kitini. Beseni, taulo, kipande kipya cha sabuni. Dirishani mwanga wa jioni unafifia taratibu, kama mgeni anayeondoka bila kuaga. Na kando ya kitanda yupo mdogo wangu, tumbo mbele, ameshika ukingo kwa mikono miwili, anapumua.

Umemwona? Basi twende naye polepole.

Mdogo wangu alichagua kujifungulia nyumbani kwangu, mikononi mwa mkunga. Mumewe hakupenda. "Hospitali ipo, wewe unang'ang'ania kitanda cha dada yako!"

"Uzazi wa kwanza kila aliyepita alinibonyeza kama anachagua nyanya sokoni," mdogo wangu alimjibu. "Safari hii nataka mtu anayenijua."

Mkunga mwenyewe alikuwa ameisomea kazi yake na kuifanya miaka mingi. Watu walimwita Mama Naomba, kwa sababu hakumgusa mzazi kabla ya kuomba. "Naomba nikupime tumbo." "Naomba nisikilize moyo wa mtoto." Hata kama alikugusa punde tu, angeomba tena, na angesubiri umjibu. Tena alitupa sharti: gari liwe mlangoni. "Mambo yakienda mrama tunakimbilia hospitali, na sitaki ubishi." Hapo shemeji yangu akaridhika nusu.

Jioni ile chupa ilipasuka mapema kuliko tulivyotazamia. Shemeji alikimbia kuazima gari kwa jirani. Simu ya Mama Naomba haikupatikana.

"Nenda kamwite, dada," mdogo wangu alisema. "Mimi na huyu mpangaji wangu tutapiga soga." Akapapasa tumbo.

Nikatoka mbio.

Sikufika mbali. Kwenye kona, chini ya taa ya barabarani iliyokuwa haijawaka, Mama Naomba alikuwa amesimama. Gauni lake jeupe la kazi, kitambaa kichwani, mkoba mkononi.

"Nimesikia," alisema.

Kwa furaha yangu sikujiuliza amesikia kwa nani. Tulirudi pamoja. Mimi nilikuwa nahema. Yeye hakuhema. Mkoba wake, ambao siku zote vyuma vyake hugongana, haukutoa sauti. Na kulikuwa na harufu... harufu ya nguo zilizofungiwa sandukuni zikiwa bado mbichi.

Mlangoni alisimama. Akanitazama, akasubiri.

"Karibu ndani, Mama," nikasema.

Ndipo alipovuka kizingiti.

Mdogo wangu alimwona, akatabasamu. Kisha lile tabasamu likaganda.

"Dada... uchungu umekata."

Ulikata kabisa, kama bomba lililofungwa.

"Zima taa," mgeni wetu akanong'ona.

"Sasa utaonaje, Mama?"

"Zima."

Sikuizima. Taa ikafifia yenyewe.

Hakunawa. Alilipita beseni, akaipita sabuni, akanyoosha mikono juu ya tumbo la mdogo wangu. Vidole vyake vilikuwa vyeupe, vimekunjamana, kama vya mtu aliyekaa majini muda mrefu.

"Nipe," alisema.

"Akupe nini?" nikauliza.

"Nipe..."

Mdogo wangu alinivuta mpaka sikio langu likagusa midomo yake. "Dada. Huyu hajaomba."



Mikono ile ilishuka taratibu. Tumbo lililokuwa likichezacheza chini ya kanga likaacha kucheza.

Likatulia tuli.

Mdogo wangu alihisi kabla yangu. Alijiinua kwa viwiko, akamtazama yule kiumbe usoni.

"Toa mikono."

"Dada yako amenikaribisha."

"Amekukaribisha kwake," mdogo wangu alisema, meno yakigongana. "Nyumba ni ya dada. Tumbo ni langu. Na mimi sijakuruhusu."



Mikono ilisimama hewani. Ile sura ya Mama Naomba ikaanza kulegea, kama nguo inayoteleza kwenye kamba. Kilichokuwa chini yake sikukiona, na namshukuru Mungu.

Nje, vyuma viligongana.

"Jamani wenyewe! Naomba kuingia!"

Niligeukia mlango. Nilipogeuka tena, kando ya kitanda palikuwa na maji tu sakafuni. Taa ikapata nguvu. Uchungu ukarudi kwa kishindo, mdogo wangu akalia na kucheka kwa pamoja.

Mama Naomba, yule wa kweli, alinawa mpaka viwikoni. "Naomba nisikilize moyo wa mtoto." Aliweka pembe yake ya mbao tumboni, akainamisha sikio. Akasikiliza. Akaihamisha, akasikiliza tena. Mimi nilikuwa natazama uso wake tu.

"Huyu hapa," alisema hatimaye. "Anadunda vizuri." Akamgeukia shemeji, aliyekuwa amerudi na gari. "Gari likae tayari hivyohivyo."

Halikuhitajika. Mtoto wa kike alizaliwa akipiga kelele, akalazwa kifuani kwa mama yake. "Naomba nimfute mwanao," mkunga alisema. Mdogo wangu akamkumbatia kwanza. Kisha akaitikia.

Baadaye, mkunga akiosha vyombo vyake uani, nilimsimulia. Akaacha kuosha.

"Alikuwepo mkunga kabla yangu," alisema kwa sauti ya chini. "Mikono hodari, masikio hana. Mzazi mmoja alimwambia, 'Nipeleke hospitali, nahisi ninakufa.' Akamfokea. Wakazikwa wawili, mama na mtoto. Mwenyewe akajitosa mtoni. Wapo wanaosema anatafuta mtoto wa kurudisha. Mimi sijui, mwanangu. Mimi najua kazi yangu."

"Nawe ulichelewa wapi?"

Alinikazia macho.

"Unaniuliza mimi? Si wewe uliyekuja kunigongea? Ukatangulia mbele. Kila nikikusemesha, kimya. Ukanipitisha njia ya mtoni, nikasema labda amechanganyikiwa, maskini. Niliposikia maji nikakataa kuendelea, nikarudi peke yangu."

"Na mimi... nikaenda wapi?"

"Hukwenda popote. Nilikuacha umesimama ukingoni, unanitazama."

Mtoto wetu sasa anatembea. Ana afya, ana maneno, ana ubishi wa mama yake. Lakini yule aliyesimama ukingoni na sura yangu, hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ameondoka.

Kwa hiyo nakuomba, taratibu tu, ukumbuke jambo moja. Ukinikuta njiani jioni, nisemeshe. Mimi ni mtu wa maneno. Nitakuuliza habari za watoto, nitakuuliza za kazi, mpaka nikuchoshe.

Nikinyamaza... usinifuate.